Kisu Kisikate Urafiki

Baadhi ya wahadhiri wenzangu huwacheka Waingereza wanaokusanya visu vya kukunja vya Sheffield, ati ni watu wazima wanaocheza na vyuma. Mimi siwacheki. Anayetunukiwa kisu na mwenzake hutoa peni moja, kisu kisije kikakata urafiki. Kisha wote hukikodolea macho, wakakifungua taratibu, wakasikiliza springi inavyolia, wakabishania mpini wa pembe ya kulungu.

Stan Shaw, fundi mashuhuri wa visu mjini humo, alifariki mwaka wa 2021. Lakini upande wa bapa wenye chapa ya fundi, wakusanyaji bado wanauita "upande wa alama", kama mafundi walivyouita. Mwanafunzi wangu wa isimu akitaka kuandika tasnifu juu ya msamiati wa aina hiyo, sitamzuia. Wenzangu na wacheke.