Nani asema daktari auza nyama ya mgonjwa?

Hapa Mulekera neno moja lazunguka tangu mlangoni mwa kanisa mpaka sokoni: daktari akiomba kukata kipande cha uvimbe, mkatalie. Ataiuza nyama ile. Au tena, ukishakatwa ugonjwa utaenea mwilini. Neno hilo ni uwongo, na uwongo huo wazika watu. Mwezi wa Februari 2019, wakati wa Ebola, vituo vya wagonjwa vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Uvumi wa namna hii ulikuwa umetangulia.

Tezi imevimba shingoni. Yaweza kuwa kifua kikuu, yaweza kuwa kansa; kwa macho na kwa vidole hufanana. Lakini dawa ya huyu haimponyi yule, na miezi iliyopotea kwa kubahatisha hairudi. Ndiyo maana daktari atoa kipande kidogo, nayo ndiyo biopsi. Mtaalamu hukikata chembamba kuliko ganda la kitunguu, akakitia rangi, akakitazama kwa darubini.

Jirani zetu wa Uganda walijionea. Tangu mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliwaangalia watoto waliovimba taya. Wengine walivimba tumbo. Nani angedhani ni ugonjwa mmoja? Darubini ndiyo iliyoonyesha. Mwaka 1964 wataalamu wa London, wakichunguza vipande vilivyotoka Uganda, walivumbua virusi ndani yake. Leo watoto wengi wenye kansa hiyo hupona kwa dawa, wakifikishwa mapema.

Mtasema: mbona fulani alikatwa akafa? Wengi hufika wamechelewa, wamekwisha kupita kwa waganga watatu na vyumba vya maombi. Kisu chalaumiwa kwa kuwa kilikuja mwisho. Biopsi kueneza kansa ni jambo la nadra mno.

Hata hivyo hatuwasifu waganga wote. Amkataye mama bila kumweleza kwa lugha yake, kisha akamwacha majuma mengi bila jibu, huyo naye aupalilia uvumi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: mwatafuta nini, kipande chapelekwa wapi, jibu litarudi lini, ni bei gani? Aulize, wala asikimbie.

Na wewe umzuiaye jirani yako kwa jina la imani, fungua Yoshua bin Sira, sura ya 38, uone jinsi mganga, dawa na sala vinavyokaa pamoja. Kisha utuonyeshe ni wapi Kanisa lilipokufundisha hayo usemayo.