Usiishi Langoni

Ndugu msomaji, wewe uliyepunguzwa kazini mwaka huu, au uliyestaafu na sasa unatafuta shughuli nyingine, nakuomba unisikilize. Jambo hili nimelipitia.

Miaka ya 1990, serikali ya Tanzania ilipokuwa ikiyauza na kuyafunga mashirika ya umma, watumishi wengi tulirudi nyumbani na barua mkononi. Mimi nilikuwa karani wa hesabu. Kwa miezi mingi baada ya hapo niliamka alfajiri, nikavaa suruali iliyopigwa pasi, nikabeba mkoba, nikapanda basi kwenda mjini. Tulikuwa na kijiwe chetu mkabala na lango la shirika letu la zamani. Hapo tulishinda tukimsema mnunuzi mpya, tukiitana kwa vyeo vyetu: mkuu wa stoo, bwana mhasibu, afisa utumishi. Kiinua mgongo kikayeyuka hapo hapo, kwa chai na nauli. Wenzetu wengine walikimaliza kwa kulinda heshima, wakafanya harusi kubwa kuliko uwezo wao ili mtaa usijue kwamba mshahara umekatika.

Sisemi usihuzunike. Miaka kumi na tano ya utumishi haifutiki kwa usiku mmoja. Tena, ukiwa umeachishwa isivyo haki, dai haki yako hadi uipate; madai hayamzuii mtu kulima wala kufungua genge. Ninachokikataa ni kuishi langoni.

Wapo watakaonijibu kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali ni ya kweli, ila hapa inatumiwa vibaya. Tangu lini kiti na muhuri wa ofisi vikawa asili ya mtu? Ulikabidhiwa kwa saini, na siku ya kuondoka ukavirudisha kwa saini. Asili yako ni kile ambacho hakuna aliyekuomba ukirudishe.

Mtazame Mwalimu Nyerere. Mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya kufundisha Pugu na kuongoza chama cha TANU, akaacha kazi yenye mshahara. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, aliuacha uwaziri mkuu, akamwachia Kawawa, yeye akaenda kukijenga chama. Mwaka 1985 aling'atuka urais, akarudi Butiama kulima, ingawa uenyekiti wa CCM alikaa nao hadi 1990. Viti vyote hivyo aliviachia wengine. Ualimu hakumwachia mtu. Alitoka nao darasani, akaenda nao mikutanoni, Ikulu na shambani, na hadi leo tunamwita kwa jina hilo.

Mimi aliyenitoa langoni ni shangazi yangu, muuza nafaka sokoni. Asubuhi moja alinikuta nafunga viatu, akaniuliza: "Baba, huko mjini unakwenda kuhesabu nini? Mimi hapa madeni yangu nayaandika ukutani kwa mkaa."

Nikauweka mkoba chini. Siku mbili nzima nilikuwa nikiyahamisha madeni yale kutoka ukutani kwenda kwenye daftari, jina kwa jina, debe kwa debe. Waliokuwa wamejisahaulisha wakaanza kulipa. Kabla ya mwezi kwisha, mama muuza dagaa wa kibanda cha pili alikuja na daftari jipya, halijaandikwa kitu, akauliza kama yule karani yupo.