Kabla Hujanunua Hedifoni Mpya, Shusha Besi

Bumu likiingia, hedifoni ni kati ya vitu vya mwanzo kununuliwa hosteli. Hilo sina ugomvi nalo. Tunasoma nazo, tunapumzika nazo, tunapandia nazo daladala. Ugomvi wangu uko kwenye kinachofuata. Wiki mbili baadaye utamsikia mwenye nazo analalamika kwamba "hazina sauti", na tayari anawaza kuchanga hela ya nyingine za bei juu zaidi. Muulize kama amewahi kufungua ikwalaiza ya simu yake. Atakwambia hapana, au atakwambia aliifungua, akapandisha besi mpaka mwisho, akaondoka.

Mimi nasema hivi: kabla hujatoa hela ya pili, jifunze kutumia ikwalaiza. Na ukishaifungua, kazi yake ya kwanza iwe kupunguza, siyo kuongeza. Ukifanya hivyo utaokoa pesa, utasikia mihadhara uliyorekodi vizuri zaidi, na kubwa kuliko yote, utayatunza masikio ambayo sisi wa kitivo cha elimu tutayategemea kwa miaka thelathini na zaidi kazini.

Neno lenyewe lina maana ya kusawazisha. Lilianzia kwenye simu za waya. Sauti ikisafiri umbali mrefu ndani ya waya, sehemu zake za juu zilipoteza nguvu kuliko za chini, kwa hiyo mafundi wakaweka saketi ya kuzirudisha sawa upande wa pili. Kazi ni hiyo hiyo mpaka leo. Ikwalaiza ni kalamu nyekundu ya mwalimu: inasahihisha palipokosewa, haiandiki insha upya.

Tuanze na pesa, maana ndiyo inauma. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali. Hakuona uhusiano wa maana kati ya bei ya hedifoni na namna inavyogawa sauti za chini, za kati na za juu. Yaani bei inaweza kukununulia uimara, maikrofoni nzuri, uwezo wa kuzima kelele za nje, au jina tu. Mizani ya sauti ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo ikwalaiza inaweza kulirekebisha bure. Halili hata bando.

Sasa, ile mistari inayopanda na kushuka inamaanisha nini? Sikio la kijana lenye afya husikia takriban kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Kwenye simu nyingi za Android utakuta vijiti vitano. Cha hezi 60 ni ule mdundo unaousikia kifuani. Cha 230 ni unene wa sauti. Ukizidi, kila kitu kinasikika kama kimefunikwa blanketi. Cha 910 ni katikati ya sauti ya mtu. Ukizidi, msemaji anasikika kama ameingiza kichwa kwenye ndoo. Cha 3,600 ni uwazi wa maneno, na kikizidi kinachoma. Cha 14,000 ni ule mng'ao wa matoazi kule juu.

Sasa angalia lugha yetu. Irabu, a e i o u, zinabeba nguvu kubwa na ziko zaidi upande wa chini na katikati. Konsonanti kama s, f, sh na th ni pumzi tu, ni dhaifu, na nguvu zake nyingi ziko juu, kuanzia kama hezi 2,000 na kuendelea. Ndiyo maana kwenye simu ya kawaida, ambayo tangu zamani imekuwa ikipitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, tunalazimika kusema "S ya Sara, F ya Fatuma". Mwanafunzi wa elimu akichanganya "dhana" na "zana", au "thamani" na "samani", hajakosa sauti kubwa. Amekosa sehemu ndogo sana ya sauti, kule juu.

Na hapa ndipo besi inapotuumiza. Sauti nzito ina tabia ya kuzifunika zilizo juu yake, wakati za juu haziwezi kuifunika nzito kwa kiasi hicho. Besi ikishapandishwa mpaka mwisho, maneno yanazama. Mtu anafanya nini? Anaongeza volyumu ili asikie maneno. Akiongeza volyumu, besi nayo inaongezeka, maneno yanazama tena. Anamaliza na simu iko juu kabisa, na bado anasema hedifoni mbovu.

Hilo siyo suala la ladha tu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kujiweka hatarini. Kila ukiongeza desibeli 3, muda huo unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Ukifika 90, umebakiwa na kama saa 4 kwa wiki nzima. Wengine wetu tunazimaliza saa hizo Jumatatu peke yake. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 duniani, wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu.

Uharibifu wa aina hiyo una mahali pake unapopenda kuanzia: karibu na hezi 4,000. Hebu rudi juu uangalie hapo pana nini. Pana konsonanti. Mtu aliyeharibika hapo hawi kiziwi, anaendelea kusikia watu wakiongea, ila haelewi wanasema nini, hasa penye kelele. Sasa mfikirie mwalimu huyo mbele ya darasa lenye watoto sabini, na mtoto mwoga wa benchi la nyuma anajibu swali kwa sauti ndogo. Mwalimu atamwambia arudie, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mtoto akae kimya asijaribu tena. Na seli za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena kama kucha.

Basi tufanyeje? Kwanza, usiguse ikwalaiza kabla hujakagua mipira ya eafoni zako. Ikiwa haizibi sikio sawasawa, besi yote inavuja nje, na hakuna kijiti kitakachoirudisha. Jaribu mipira ya saizi nyingine. Mara nyingi inakuja ndani ya boksi na watu wanaitupa. Ikiziba vizuri, hata mngurumo wa daladala unapungua, na huna haja ya kushindana nao kwa volyumu. Ila ukiwa unatembea barabarani, toa hata sikio moja. Bodaboda hasubiri wimbo uishe.

Pili, chagua vitu viwili unavyovijua sana: wimbo mmoja ulioujua hata kabla ya hedifoni hizi, na sauti ya mtu anayeongea, kwa mfano taarifa ya habari. Weka vijiti vyote kwenye sifuri na volyumu ya wastani. Sikiliza na ujiulize kinachokukera ni nini. Sauti imefunikwa? Shusha 230 kwa desibeli 2 au 3. Mdundo unatawala kila kitu? Shusha 60. Kuna kitu kinachoma kwenye kila s? Shusha kidogo 3,600. Hatua ndogo ndogo, kijiti kimoja kwa wakati. Kisha washa na uzime ikwalaiza ulinganishe, huku ukihakikisha ukubwa wa sauti unalingana, kwa sababu sikio lina udhaifu wake: chochote kilicho na sauti kubwa zaidi hulidanganya kwamba ni bora zaidi. Tangu mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba besi tunaisikia hafifu sauti ikiwa ndogo, na inajitokeza kadiri sauti inavyokua. Ndiyo maana wimbo ule ule unaonekana "mtamu" ukiufungulia.

Tatu, ukiona lazima upandishe kitu, shusha kwanza kile kiwango cha jumla ambacho programu nyingi hukiita Preamp, kwa kiasi kile kile. Sababu ni rahisi. Sauti ya kidijitali ina dari, na nyimbo nyingi za siku hizi zimetengenezwa zikiwa tayari zimeligusa. Kuongeza desibeli 6 ni kutaka wimbi liwe na kimo mara mbili. Haliwezi kutoboa dari, kwa hiyo linakatwa kichwa, na wewe unasikia mkwaruzo. Halafu lawama anabebeshwa machinga aliyekuuzia.

Kuhusu kuchagua ikwalaiza yenyewe, usihangaike sana. Kwa mihadhara na muziki wa kawaida, ile ya vijiti vitano au kumi inatosha. Hata VLC ya bure inayo ya vijiti kumi. Ukitaka kwenda ndani zaidi, kuna aina ya parametriki, ambayo George Massenburg aliieleza kwenye andiko lake la mwaka 1972. Hiyo inakuruhusu kuchagua masafa kamili unayotaka kuyagusa, kiasi, na upana wake. Kwenye kompyuta ya Windows kuna Equalizer APO, ni ya bure. Kwenye Android kuna Wavelet, yenye mipangilio iliyotengenezwa kutokana na vipimo vya maelfu ya hedifoni. Tahadhari moja hapo: mipangilio hiyo ni ya hedifoni halisi. Kama zako zina jina kubwa lakini ulizinunua kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai, vipimo hivyo siyo vyako. Tumia masikio yako. Na usiwashe ikwalaiza mbili kwa mpigo, moja ya simu na nyingine ya programu ya muziki. Utasahihisha kilichokwisha kusahihishwa.

Najua kuna wadau watasema besi ndiyo muziki wenyewe, na ladha haina mwalimu. Sawa. Hakuna anayekuzuia kuongeza besi kidogo. Utafiti wa Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman ulionyesha kwamba wasikilizaji wengi hupenda hedifoni zinazosikika kama spika nzuri zilizowekwa chumbani, na mizani hiyo ina besi ya kutosha. Watu walitofautiana zaidi kwenye kiasi cha besi na trebo. Kwa hiyo ladha ipo, ila inacheza ndani ya eneo fulani. Besi iliyopandishwa mpaka mwisho iko nje ya eneo hilo, na gharama yake anailipa sikio.

Wengine watasema tuuache muziki kama msanii alivyoutengeneza. Hoja nzuri, ila hedifoni zako tayari zimeshaubadilisha kabla haujafika sikioni. Ukisahihisha kosa la hedifoni ndipo unapomkaribia msanii. Tukubaliane tu kwamba ikwalaiza haifanyi miujiza: haiondoi mwangwi wa ukumbi, haifufui spika iliyopasuka, hairudishi maneno ambayo simu haikuyanasa kwa sababu ilikuwa imelala ndani ya begi.

Hapo kwenye mihadhara ndipo nina pendekezo kwa serikali yetu ya wanafunzi na kwa ma-CR wote. Mhadhiri anapokuwa ametoa ruhusa ya kurekodiwa, rekodi ikipatikana isirushwe kwenye grupu ikiwa mbichi. CR au yeyote mwenye kompyuta aifungue kwenye Audacity, ambayo ni ya bure, akate ngurumo zote zilizo chini ya hezi 100, ambako hakuna maneno bali feni na meza zinazoburutwa, ashushe kidogo eneo la 250, na apandishe kidogo kati ya 2,000 na 4,000 akiwa ameshusha kwanza sauti ya jumla. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu mmoja. Kwenye kozi yenye wanafunzi mia tatu, ni masikio mia sita ambayo hayatalazimika kupandisha volyumu usiku wa kuamkia mtihani.

Na wewe unayesoma hapa hedifoni zikiwa shingoni, usisubiri CR. Fungua ikwalaiza leo, rudisha kila kijiti kwenye sifuri, kisha shusha kimoja. Kama baada ya wiki bado unaona hedifoni ni mbovu, haya, kanunue nyingine.