Jaji Anapotoka Mahakamani: Historia ya Sheria na Mjane wa Mkumbi

Kila mwaka, mwishoni mwa Januari na siku za kwanza za Februari, Mahakama ya Tanzania huadhimisha Wiki ya Sheria, ambayo kilele chake ni Siku ya Sheria, yaani uzinduzi wa mwaka mpya wa shughuli za mahakama. Katika juma hilo majaji na mahakimu huacha viti vyao wakawaendea wananchi sokoni, shuleni, magerezani na redioni, wakiwaeleza jinsi ya kufungua shauri, kukata rufaa na kushughulikia mirathi. Ni desturi njema, nasi tunaipongeza. Hata hivyo, sisi wa Jimbo la Mbinga tuna wajibu wa kuuliza: elimu hiyo inamfikia nani? Na ikimfikia mjane wa Mkumbi, ambaye mibuni aliyoipalilia miaka ishirini inadaiwa na shemeji zake, inamwambia nini?

Mahakama Kuu ilipotimiza miaka 100 mwaka 2021, historia yake ilisimuliwa sana. Historia hiyo ina kurasa ambazo watu wa Ruvuma hawahitaji kusimuliwa na mgeni. Tarehe 27 Februari 1906, pale Songea, watawala wa Kijerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni wapatao 67 kwa sababu ya Vita vya Maji Maji. Wamisionari Wabenediktini waliwabatiza baadhi yao kabla ya kupandishwa kitanzini. Aliyewahukumu ndiye aliyekuwa amepigana nao. Kwa babu zetu, hivyo ndivyo sheria ya serikali ilivyojitambulisha kwa mara ya kwanza, na haishangazi kwamba hofu ya neno “mahakama” imerithiwa vijijini kama vile shamba linavyorithiwa.

Waingereza walipounda Mahakama Kuu, haikuwa ya kila mtu. Kuanzia mwaka 1929, mahakama za wenyeji ziliondolewa chini ya usimamizi wake. Rufaa ya Mwafrika ilipanda kwa watawala, kuanzia ofisi ya wilaya hadi kwa Gavana, wala haikufika kwa jaji. Mzee aliyezaliwa Mkumbi mwaka 1940 alizaliwa katika nchi ambamo kesi ya shamba la baba yake isingeweza kusikilizwa na jaji hata kama angekuwa na nauli. Mfumo huo wa pande mbili ulivunjwa baada ya Uhuru. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ikaanzisha Mahakama za Mwanzo, ambazo rufaa zake zaweza kupanda hadi juu. Kwa hiyo mlango tunaoambiwa leo kwamba uko wazi una umri mdogo kuliko parokia zetu nyingi. Misheni ya Kigonsera ilianza mwaka 1899.

Si kwamba kabla ya hapo hapakuwa na haki. Wamatengo walikuwa na sengu, mkutano wa ukoo ambamo watu walikula pamoja, vijana wakafundwa, na ugomvi ukamalizwa kabla haujawa uadui. Tunaikumbuka sengu kwa heshima, lakini bila kuipamba. Lilikuwa kimsingi baraza la wanaume, na mwanamke aliyedhulumiwa humo hakuwa na pengine pa kwenda. Yeyote anayetaka kufufua mabaraza ya usuluhishi milimani aanze kwa kujibu hoja hiyo.

Hatua kubwa ya miaka ya karibuni ni ya lugha. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikitumia Kiswahili tangu zamani, lakini huko juu hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu alishinda au kushindwa kwa maneno asiyoyaelewa. Katika Siku ya Sheria ya mwaka 2021, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tunasema wazi kwamba elimu yoyote ya majaji kwa umma ingekuwa nusu kazi bila badiliko hilo. Nusu nyingine bado, kwani sheria nyingi ambazo hukumu hizo zinazitegemea ziliandikwa kwa Kiingereza.

Turudi kwa mjane wetu. Amefunga ndoa altareni, mumewe amezikwa na Kanisa, watoto wao wote wamebatizwa. Wengi wetu tungedhani kwamba mirathi ya Mkristo huyu itafuata sheria ya Wakristo. Sivyo ilivyo. Nchi yetu ina sheria zaidi ya moja za mirathi. Iko Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na wakoloni na ambayo bado inatumika, nayo humpa mjane mwenye watoto theluthi moja na watoto theluthi mbili, pasipo kutofautisha wa kiume na wa kike. Ziko pia kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kwa kanuni hizo mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, ila haikuzifuta.

Ni ipi itumike? Mahakama hutazama jinsi marehemu alivyoishi, na aliyoyasema au kuyaandika. Ubatizo peke yake hautoshi. Mwaka 1969 Mahakama Kuu iliamua mirathi ya Mngoni mmoja Mkristo aliyeishi mjini mbali na ukoo wake na kumwoa Mchaga. Ikaona kwamba alikuwa ameachana na maisha ya mila, na sheria ya India ikatumika. Lakini mkulima wa Mkumbi hakuachana na ukoo wake! Alilima ngolo katika ardhi ya babu yake hadi siku ya mwisho. Asipoacha wosia, ushahidi wa maisha yake yote waweza kumweka mkewe chini ya kanuni za 1963. Hili ndilo jambo ambalo tungependa jaji alieleze kanisani baada ya Misa, kwa Kiswahili chepesi, mbele ya wanaume hasa.

Asitufiche pia habari njema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi ya ardhi. Kabla yake, mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Muleba aliyeuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia, alikuwa na haki ya kuuza kama mwanamume. Alikuwa ameshindwa Mahakama ya Mwanzo. Alipanda ngazi.

Katika kitabu cha Kutoka, Yethro alimkuta Musa ameketi peke yake kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia kwamba kazi ile ingemchosha yeye na watu pia, ateue wengine. Serikali ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Kanisa lina Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo humjua mjane kabla hakimu hajamjua. Kwa maoni yetu, kila parokia yapaswa kuwa na angalau mtu mmoja aliyefundishwa kuandika wosia halali na kufungua mirathi, na paroko auulizie wosia kama anavyouliza cheti cha ubatizo.

Na tuna ombi moja kwa Mahakama. Wiki ya Sheria huangukia masika, barabara za milimani zikiwa tope na watu wakiwa kwenye palizi. Kahawa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka. Fedha huingia baadaye, kupitia vyama vya ushirika, na hapo ndipo koo hugombana na wajane hufukuzwa. Majaji waje pia wakati huo.