Tuanze kwa Kuorodhesha, Kanuni Itafuata

Imekuwa desturi yetu, kabla wanachuo hawajaenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kuwapa maswali machache ya kuhesabu yasiyohitaji zaidi ya kujumlisha na kuzidisha. Mojawapo ni hili: katika kikundi cha wanafunzi 5, achaguliwe kiranja na msaidizi wake. Je, uchaguzi huo waweza kufanyika kwa njia ngapi? La pili linafanana nalo: katika kikundi hicho hicho, wachaguliwe wanafunzi 2 wa kwenda kuchota maji. Je, kwa njia ngapi? Maswali ya namna hii si mageni kwa mtu aliyepita sekondari. Hata hivyo, mara nyingi kalamu husimama, na mwanachuo huinua mkono akauliza, "Mwalimu, hapa tutumie kanuni ipi?"

Swali hilo hutusikitisha kuliko jibu lenye makosa. Mwanachuo huyo anazikumbuka kanuni mbili, ile ya mipangilio na ile ya uteuzi, lakini hana njia ya kujua ipi inahusika na lipi. Basi hubahatisha. Wako wanaopata 10 kwa swali la kiranja na 20 kwa swali la maji, yaani majibu yote mawili yako sahihi, ila kila moja limekaa mahali pa mwenzake.

Maoni yetu ni kwamba kosa hili halianzii sekondari, wala halitatibiwa kwa kuikariri kanuni upya. Latokana na kuruka hatua moja ambayo ni kazi ya mwalimu wa shule ya msingi: kuorodhesha kwa utaratibu.

Tuwape wanafunzi wetu majina: Asha, Baraka, Chausiku, Daudi na Eliza. Kwa swali la kiranja, mwanafunzi na aandike. Asha akiwa kiranja, msaidizi aweza kuwa Baraka, Chausiku, Daudi au Eliza. Hizo ni njia 4. Baraka akiwa kiranja, ni njia 4 nyingine. Akifika kwa Eliza atakuwa na mafungu 5 ya njia 4, jumla 20. Hapo ameona kwa macho yake kwa nini tunazidisha 5 kwa 4, na jedwali la kuzidisha alilolikariri limepata kazi ya kufanya.

Kisha na aorodheshe wachota maji. Asha na Baraka; Asha na Chausiku; Asha na Daudi; Asha na Eliza. Anapofika kwa Baraka, mtoto mmoja hakosi kusema kwamba Baraka na Asha wamekwisha kuandikwa. Mwalimu asiipite sauti hiyo. Awaulize wenzake: je, ni kweli? Mbona katika ukiranja tuliwaandika mara mbili? Darasa litajibu lenyewe kwamba kiranja si sawa na msaidizi, lakini ndoo haijali nani ametajwa kwanza. Orodha itakuwa 4, kisha 3, kisha 2, kisha 1, jumla 10. Wataona pia kwamba 10 ni nusu ya 20, kwa sababu kila jozi ilihesabiwa mara mbili. Kugawanya kule kulikomo ndani ya kanuni ya uteuzi hakuna siri nyingine zaidi ya hiyo.

Orodha humlinda mwanafunzi hata pale kanuni inapompotosha. Aulizwe: kwa tarakimu 0, 1, 2 na 3, bila kurudia tarakimu, twaweza kuunda namba ngapi za tarakimu tatu? Mwenye haraka huzidisha 4 kwa 3 kwa 2 akapata 24. Mwenye kuorodhesha huanza na 012 akasita, kwa kuwa hiyo si namba ya tarakimu tatu. Atagundua kwamba mipangilio 6 huanza na sifuri, naye ataiondoa, abaki na 18. Vivyo hivyo kwa neno MAMA. Herufi 4 zingalikuwa tofauti zote, mipangilio ingalikuwa 24. Lakini akiandika MAMA, MAAM, MMAA, AMAM, AMMA na AAMM atakuwa amemaliza. Ni 6 tu, kwa sababu kubadilishana M kwa M, au A kwa A, hakuleti neno jipya.

Njia hii si ya kitoto kama wengine wanavyodhani. Katika kamusi ya Kiarabu inayonasibishwa kwa Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 8, mipangilio yote ya herufi za mzizi mmoja imewekwa mahali pamoja. Mzizi wa herufi 3 una mipangilio 6, na kamusi hutofautisha inayotumika na isiyotumika. Bila utaratibu wa kuorodhesha, hakuna ambaye angaliweza kujua kwamba hakuacha neno.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba darasa ni kubwa, kipindi ni kifupi, na mtihani hausubiri. Litasemwa pia kwamba orodha haifai namba zinapokuwa kubwa. Hilo la pili ni kweli. Katika msimu wa 2023/24, Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilikuwa na timu 16, na kila timu ilicheza na kila nyingine nyumbani na ugenini. Hakuna haja ya kuandika michezo yote 240. Lakini mtoto aliyeorodhesha ligi ya timu 3, kisha ya timu 4, akapata michezo 6 na 12, ataona mwenyewe kwamba timu 16 zinahitaji 16 mara 15. Atajua pia kwamba kama timu zingalikutana mara moja tu, michezo ingalikuwa 120. Ama kuhusu muda, zoezi la vizibo vitatu vya soda vyenye rangi tofauti halizidi dakika chache, na darasa kubwa lina watu wa kutosha kusimama mbele na kubadilishana nafasi.

Liko jambo jingine linalotuhusu hapa Tanzania. Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto hujifunza hisabati kwa Kiswahili, kisha sekondari hukutana na mada hii kwa Kiingereza. Akiwa hajawahi kubishana na wenzake kama Asha na Baraka ni sawa na Baraka na Asha, atapokea maneno mawili ya kigeni na kanuni mbili zinazofanana, na hatakuwa na kitu moyoni cha kuyafunganisha nayo. Akiwa amewahi, atakuwa anajifunza jina la jambo analolijua.

Lawama ya kwanza twaichukua sisi wakufunzi, maana nasi tumewahi kuandika kanuni ubaoni kabla ya kuuliza swali. Ninyi mnaokwenda madarasani mnaweza kuanza vizuri zaidi. Anzeni na vitu vitatu. Mwacheni mtoto aandike orodha yake hadi mwisho, kisha mwulizeni mambo mawili: umejuaje kwamba hukuacha hata kimoja, na je, ukibadili mfuatano umepata kitu kipya? Mwanafunzi aliyezoea kujiuliza hayo hatahitaji kuinua mkono kuuliza kanuni ipi.