Kikao cha Mtandaoni Nacho Kinaingia Nyumbani kwa Watu



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, tangu Machi 2020, Rwanda ilipofunga shule, misikiti na ofisi kwa sababu ya korona, kazi nyingi zilihamia majumbani na baadhi yake hazijarudi. Hapa Nyamirambo wapo akina mama na vijana ambao hadi leo wanafanya hesabu, tafsiri na kazi za mashirika wakiwa sebuleni, na vikao vyao vyote ni kwa Zoom au WhatsApp. Mimi siyapingi hayo, kwani mama anapata riziki yake huku watoto wake wako karibu. Ninalolalamikia ni kwamba tumejifunza kubonyeza vitufe tukasahau kuwa kikao hiki kinaingia nyumbani kwa mtu, na nyumba ina mlango.

Sura An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na aya inayofuata inatuamrisha turudi tukiambiwa turudi. Tena imepokewa katika Bukhari na Muslim habari ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.). Mtume alimkemea vikali, akabainisha kwamba ruhusa imewekwa kwa sababu ya macho. Yule mtu hakuwa ametia mguu ndani. Basi kamera ya simu tuiite nini kama si jicho?

Mama mmoja ambaye wanawe nawasomesha anaishi vyumba viwili na watu sita. Mkubwa wake wa kazi aliweka sharti kwamba kila mmoja afungue kamera muda wote, eti ndipo ijulikane kuwa yuko kazini. Siku moja mumewe akatoka kuoga na kikoi chake, akapita nyuma yake. Jambo la sekunde tatu! Lakini mwenzao mmoja alikwisha piga picha ya kioo, na jioni ikawa inazunguka kwenye kundi la ofisi na vicheko. Tangu hapo mama huyo hasemi kitu katika vikao, na mumewe anataka aiache kazi. Hiyo ndiyo ada ya shule ya watoto wanne.

Najua watakaonijibu kwamba kamera ikizimwa watu hulala. Ni kweli, wapo wanaojificha nyuma ya neno sitara huku wanakaanga sambusa, na mshahara wa saa ile wanaupokea. Mshahara ni amana, na huyo naye ana hesabu yake. Lakini kazi hupimwa kwa kilichofanyika, haipimwi kwa uso. Kamera ifunguliwe kwa kujitambulisha mwanzoni, au pale kuna mwenzetu asiyesikia anayesoma midomo, kisha mtu aachiwe hiari. Mwaka 2021 Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kwa nini vikao vya video vinachosha: nyuso za watu ziko karibu mno, mtu anajitazama mwenyewe muda wote, na anakaa pale pale bila kujongea. Na sisi huku tuongeze MB, maana video inazila mara nyingi kuliko sauti, na si kila ofisi inazirudisha.

Jina nalo lina adabu. Jabir (r.a.) alipobisha hodi kwa Mtume na kuulizwa ni nani, akajibu "mimi", Mtume hakulipenda jibu hilo. Leo unafungua kikao cha wazazi unakuta "Samsung", "Tecno" na "user 2". Huyo ni nani? Hasa panapokuwa na wasichana darasani, mwalimu asimruhusu kupita mtu asiyejitaja. Zoom wenyewe walilazimika Aprili 2020 kuweka chumba cha kungojea kama kawaida, baada ya watu wasioalikwa kuvamia vikao na kuonyesha machafu.

Na wale wanaoandikiana pembeni wakati mwenzao anazungumza, wakumbuke Mtume alivyokataza wawili kunong'ona wakimwacha wa tatu, kwa kuwa inamhuzunisha. Kurekodi bila kuuliza ni kubaya zaidi. Imepokewa kwamba mtu akikusimulia jambo huku akigeuka kutazama pembeni, jambo hilo ni amana, hata kama hakusema "usimwambie mtu".

Ama wakati, hapo tunaumizana sana. Saa za Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, kwa hiyo anayeandika "saa kumi na mbili jioni" bila kutaja mji atapata nusu ya watu. Na saa kumi na mbili ya Kigali ndiyo Magharibi yenyewe! Baada ya Isha napo si pa kuitana ovyo. Aya ya 58 ya Sura hiyo hiyo inataka hata watoto wa nyumbani wabishe hodi kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Iweje mkubwa wa kazi apige simu ya video saa tatu usiku bila hata ujumbe wa kuuliza?

Mwenye kuitisha kikao aandike kabla: tunazungumza nini, tunaanza lini, tunamaliza lini. Dakika 40 za bure za Zoom zimefanya kazi ambayo wenyeviti wetu wengi wameshindwa.

Kikao chetu cha wazazi tumekiweka Jumamosi saa nne asubuhi, saa za Kigali, kwa sauti tu. Kila mzazi aandike jina lake na la mtoto. Atakayechelewa mlangoni abishe tena, tutamfungulia.