Ruhusa Kwanza, Tiketi Baadaye

Safari ya nyumbani tumezoea kuipima kwa siku za likizo. Hapa Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2024, mwajiriwa aweza kuomba kubadilishiwa saa au mahali pa kazi tangu siku yake ya kwanza, naye mwajiri hupewa miezi 2 kutoa uamuzi. Akikubaliwa kufanyia kazi Unguja, ambako saa hutangulia za London kwa 2 au 3, asubuhi huwa ya wazee, kazi ikafuata. Lakini haki ya kuomba si haki ya kupewa. Tupate idhini ya maandishi, tuulize habari za viza na kodi, ndipo tukate tiketi. Mama anayetungoja asiahidiwe lisilo na hakika.